Kufunga vibao vya gia kwenye nguzo ya usukani wa gari la otomatiki: mwongozo kamili

Gari la otomatiki linapoteremka kutoka lango la Marangu kwenda Himo, au kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kuingia Mto wa Mbu, dereva makini haziachii breki mzigo wote. Husogeza leva ya gia hadi upande wa M, yaani njia ya dereva kuchagua gia mwenyewe, hushusha gia moja au mbili, na kuiacha injini ilishikilie gari. Leva inaifanya kazi hiyo vizuri, ila inamtaka dereva aondoe mkono mmoja kwenye usukani, mara nyingi akiwa katikati ya kona huku lori la ndizi likipanda upande wa pili. Vibao vya kubadilishia gia vilivyo nyuma ya usukani, vinavyojulikana pia kama pedo shifta, humwezesha kufanya kazi hiyo hiyo kwa kidole huku mikono yote miwili ikibaki mahali pake. Hiyo ndiyo faida yake halisi. Haviongezi nguvu za injini, wala haviipi giaboksi uwezo ambao haikutoka nao kiwandani.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kutengeneza vibao hivyo na kuvifunga kwenye nguzo ya usukani, yaani kwenye sehemu isiyozunguka, kisha kuviunganisha na nyaya za leva ya gia. Umeandikwa kwa ajili ya mmiliki mwenye subira na vifaa vya msingi, na pia kwa fundi umeme wa magari ambaye hajawahi kuifanya kazi hii lakini anajua kutumia multimita. Asiyejua kutumia multimita na ampelekee fundi anayejua, kwa sababu kazi yote imesimama juu ya vipimo.

Je, gari lako linakubali?

Tazama leva kabla ya kununua kitu chochote. Ikiwa ina njia ya pembeni yenye alama za + na −, gari lako linafaa kuchunguzwa zaidi. Magari mengi ya aina hiyo yapo katika barabara zetu: Subaru Legacy na Forester zenye Sportshift, Toyota Mark X, baadhi ya Mazda, na magari kadhaa yenye giaboksi za CVT, yaani zisizo na gia za ngazi, ambazo kompyuta yake imepangiwa ngazi za gia za kuigiza. Katika magari hayo yote, dereva anaposukuma leva kwenye +, hakuna chuma kinachovuta gia. Kuna swichi ndogo tu inayofunga sakiti, na kompyuta ya gia ndiyo inayoamua kama itatii au la.

Ikiwa leva ina P, R, N, D, 2 na L pekee, kama ilivyo kwa IST nyingi za mwanzo, achana na mpango huu. Kompyuta ya gari hilo haina mlango wa kupokea amri ya kupandisha au kushusha gia moja moja, na kibao utakachofunga hakitakuwa na mahali pa kupeleka ujumbe wake. Zipo kompyuta za pembeni zinazoendesha solenoidi za giaboksi (vali zake za umeme) moja kwa moja, lakini hiyo ni kazi ya magari ya mashindano, yenye gharama na hatari zake, na siishauri kwa gari la kuwapeleka watoto shule.

Kwa nini nguzo, na si usukani wenyewe

Gari la mbio la Ferrari 640 lilipoanza mashindano ya Formula 1 mwaka 1989 likiwa na vibao nyuma ya usukani, kisha likashinda mbio zake za kwanza nchini Brazili likiendeshwa na Nigel Mansell, lengo lilikuwa hili hili la kutoondoa mkono kwenye usukani. Tangu teknolojia hiyo ilipoingia katika magari ya barabarani, watengenezaji wamegawanyika. Ferrari huvifunga vibao kwenye nguzo, na Mitsubishi ilifanya hivyo kwenye Lancer Evolution X. Nissan ilivifunga kwenye nguzo ya GT-R ilipoanza, ikavihamishia kwenye usukani katika toleo la 2017. Wanaopenda usukani husema kwamba kibao hubaki chini ya kidole hata ukiwa umekata kona. Wanaopenda nguzo husema kwamba kibao cha kulia hubaki kulia daima, hata usukani ukiwa umepinduka.

Kwa mtu anayejifungia mwenyewe, ubishi huo hauna uzito mkubwa, kwa sababu sababu za usalama zinaumaliza. Ukifunga vibao kwenye usukani, itakubidi uondoe eabegi, ule mfuko wa hewa unaomkinga dereva katika ajali, na itakubidi pia upitishe nyaya zako kwenye utepe wa umeme unaojikunja na kujikunjua chini ya usukani, ule ambao mafundi huuita kloki springi. Utepe huo una njia chache zilizohesabiwa. Ukikosa njia ya ziada, utashawishika kuning'iniza waya pembeni, na waya huo utajisokota mpaka ukatike au unaswe. Ukifunga kwenye nguzo, eabegi hubaki mahali pake bila kuguswa na nyaya zako hazizunguki kamwe.

Kusoma umeme wa leva

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Fungua plastiki zinazozunguka leva mpaka uifikie soketi ya nyaya zake, lakini usiichomoe. Funga breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, washa swichi ya gari bila kuwasha injini, kisha kanyaga breki na uiweke leva kwenye M. Weka multimita kwenye kipimo cha volti za DC. Ncha nyeusi igusishe bodi la gari, na ncha nyekundu iingize kwa nyuma ya soketi, waya mmoja baada ya mwingine, ukitumia pini nyembamba ili usiiharibu mipira ya kuzuia maji.

Unatafuta waya wenye tabia ya pekee. Leva ikiwa imetulia katika M, waya huo unasoma volti zinazokaribia za betri, au karibu 5 katika baadhi ya magari. Msaidizi wako akisukuma leva kwenye + na kuishikilia, kipimo kinaanguka hadi karibu na sifuri. Akiiachia, kinarudi juu. Huo ndio waya wa kupandisha gia. Rudia kwa upande wa − upate waya wa kushusha. Kisha tafuta waya wa hasi ambao swichi hizo mbili zinautumia kwa pamoja: zima swichi ya gari, weka multimita kwenye kipimo cha mlio, na uone ni waya upi unaolia ukiugusisha na bodi. Andika rangi za nyaya zote tatu na nafasi zake kwenye soketi, tena upige picha, kwa sababu rangi za magari ya Kijapani hufanana sana zikishashika vumbi.

Maana ya vipimo hivyo ni kwamba kompyuta ya gia yenyewe ndiyo inayotoa volti kidogo kwenye waya kupitia kizuizi chake cha umeme cha ndani (rezista), na swichi ya leva inaushusha tu waya huo hadi ethi, yaani hasi ya gari. Mkondo unaopita ni mdogo mno. Kibao chako kitafanya jambo hilo hilo kwa kuunganishwa sambamba na swichi ya leva: kikibonyezwa, kinaushusha waya huo huo hadi kwenye hasi ile ile, na kompyuta haitambui tofauti kati ya vidole vyako na leva. Kwa hiyo usipeleke volti 12 kutoka kwenye betri au fyuzi kwenye nyaya hizi kwa sababu yoyote ile, maana kompyuta ya gia inaweza kuungua papo hapo.

Si kila gari litakupa majibu hayo. Ukiona waya mmoja unabadilika kwa ngazi, kwa mfano volti moja leva ikitulia, nyingine kwenye + na nyingine tena kwenye −, basi swichi zimepangwa kwa rezista za thamani tofauti, na vibao vyako vitahitaji rezista zenye thamani zile zile. Kazi hiyo inawezekana, ila ni ya fundi wa elektroniki. Ukikuta nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, zote zikisoma karibu volti 2.5 na kutotulia, hizo ni nyaya za mtandao wa CAN, ambamo kompyuta za gari huzungumza kwa lugha ya namba. Usizikate wala usiziunganishe na kitu chochote. Magari mengi ya Ulaya yako katika kundi hili, na kwa hayo ni bora kutafuta vipuri vya kiwandani vya modeli hiyo pamoja na mtu wa kuipanga kompyuta.

Vifaa

Utahitaji bati la alumini la unene wa milimita 2, ambalo mafundi wa madirisha na milango ya alumini huwa na mabaki yake. Maikroswichi mbili zenye kinga ya IP67, yaani zisizoingiza vumbi wala maji. Boliti za M4 zenye nati za kujikaza. Springi mbili ndogo za kurudisha. Waya mwembamba wa milimita za mraba 0.35 au 0.5 wenye rangi tatu. Soketi ndogo ya plastiki yenye pini tatu. Mpira wa kusinyaa kwa joto. Utepe wa kitambaa wa kufungia nyaya. Na kebo tai. Kinga ya IP67 si anasa katika eneo letu. Vumbi la volkano la kuelekea Longido na Monduli huingia kila mahali, na swichi iliyo wazi huanza kukosea ikishajaa vumbi hilo.

Maikroswichi huwa na miguu mitatu iliyoandikwa COM (wa pamoja), NO (unaoungana na COM swichi ikibonyezwa) na NC (unaoungana na COM swichi ikiwa huru). Utatumia COM na NO pekee. Ukikosea ukatumia NC, kompyuta itaona kana kwamba kibao kimebonyezwa muda wote, na itaibadilisha gia pale tu unapokiachia, au itaandika hitilafu na kuifunga njia ya M kabisa.

Kutengeneza vibao na kishikio

Anza na boksi gumu la karatasi, si alumini. Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, shika usukani sehemu zako za kawaida, na umwombe mwenzako apime mahali vidole vyako vinapofika. Kata kielelezo cha boksi, kishikilie kwa utepe, halafu zungusha usukani kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Kati ya kibao na mikono ya usukani inayozunguka ibaki nafasi isiyopungua milimita 10 kila mahali. Kibao chenye urefu wa milimita 100 hadi 130 hutosha kwa mikono ya watu wengi.

Jihadhari na leva za pembeni. Katika magari ya Kijapani, leva ya indiketa iko kulia na ya waipa iko kushoto, na zote zinatoka kwenye nguzo hapo hapo unapotaka vibao vikae. Kibao kikiwa mbele ya leva ya indiketa, utabadilisha gia siku utakayotaka kuonyesha kwamba unakata kona kwenye mzunguko wa Mnara wa Saa. Kiinue kibao mpaka kidole kinachoteremka kutoka juu kikutane nacho kwanza, na leva ya indiketa ibaki chini yake kwa milimita 15 au zaidi. Jaribu kielelezo cha boksi kwa kuonyesha indiketa na kuwasha waipa mara kadhaa bila kutazama, na ukiona kidole kinagusa kibao hata mara moja, rekebisha.

Vielelezo vikikubali, vihamishie kwenye alumini, kata kwa msumeno wa chuma, kisha lainisha kingo zote kwa tupa na msasa mpaka ukipitisha kidole usihisi ncha. Mviringo wa pembe uwe mkubwa. Katika ajali, uso au mkono wa dereva unaweza kufika hapo, na bati lenye kingo kali ni kisu. Mimi nisingekubali kuendesha gari lenye kibao kilichokatwa na kuachwa hivyo hivyo, hata kama kimepakwa rangi nzuri.

Kishikio kinachobeba vibao viwili kikunjwe kwa umbo la herufi U ili kipande cha kati kikae juu ya mwili wa swichi za nguzo na mikono yake itokee pande mbili. Kila kibao kizunguke kwenye boliti ya M4 yenye washa pande zote, nati ikazwe kiasi cha kuondoa mchezo bila kukikwamisha, na springi ikirudishe kibao chenyewe. Usiitegemee springi iliyo ndani ya maikroswichi kurudisha kibao. Mwendo wa ncha ya kibao uwe milimita 5 hadi 8, na kabla kibao hakijaibana swichi hadi mwisho kiguse kizuizi cha chuma, ili nguvu ya kidole iishie kwenye kishikio na si kwenye swichi. Wapo wanaoweka sumaku ndogo ili kibao kitoe mlio mkali, lakini karibu na usukani kuna kihisi cha pembe ya usukani ambacho katika baadhi ya magari husoma kwa sumaku, kwa hiyo springi ni salama zaidi.

Kufungua nguzo na kufunga kishikio

Chomoa waya hasi wa betri na usubiri. Toyota huelekeza sekunde 90 angalau kabla ya kugusa sehemu zilizo karibu na eabegi. Mimi hupendekeza dakika 10 kwa gari lolote, kwani kusubiri hakugharimu kitu. Ingawa huondoi eabegi, soketi zake ziko karibu sana na mahali unapofanyia kazi, na kwa kawaida zina rangi ya njano. Usizichomoe, usizivute, na usizipime kwa multimita hata mara moja, kwa kuwa mkondo mdogo wa multimita waweza kutosha kuilipua.

Ondoa skrubu za makava ya plastiki yanayofunika nguzo, nyingi zikiwa chini, kisha uyatenganishe taratibu. Tafuta sehemu ngumu isiyozunguka ambayo inapanda, inashuka na kuvutika pamoja na usukani. Hili ni la lazima katika magari yenye nguzo inayorekebishwa: kishikio kikifungwa kwenye sehemu ya chini isiyosogea, siku dereva mfupi atakapousukuma usukani mbele utagonga vibao. Tumia matundu ya skrubu yaliyopo tayari, au klipu pana ya hozi juu ya kipande cha mpira. Usitoboe nguzo, na usifunge kitu chochote kwenye vishikio vyake vilivyotengenezwa kuachia katika mgongano, kwani nguzo hiyo imebuniwa isinyae ili isimchome dereva kifuani.

Upande wa funguo, acha nafasi. Kuzunguka tundu la swichi katika magari mengi kuna pete ya waya inayosoma chipu ya ufunguo, na chuma kikikaa juu yake gari linaweza kukataa kuwaka.

Nyaya

Kutoka kwenye kila swichi, waya wa NO unakwenda kwenye waya wake wa leva, na COM zote mbili zinaungana kuwa waya mmoja wa hasi. Peleka hasi hiyo kwenye waya wa hasi wa leva uliouandika, si kwenye boliti yoyote ya bodi iliyo karibu, ili kompyuta isome kutoka ethi ile ile iliyozoea. Weka soketi ya pini tatu chini ya nguzo ili siku moja makava yaweze kutoka bila kukata kitu.

Zifuatishe nyaya zako na mkungu wa nyaya uliopo, ukizifunga kwa utepe wa kitambaa, na uziache na ulegevu wa kutosha ili nguzo ikipanda na kushuka zisivutwe. Ziwe mbali na kiungo cha shafti ya usukani kinachozunguka karibu na miguu, na mbali na pedeli. Kwenye leva, menya ganda la waya wa asili kwa milimita chache bila kuukata, zungushia waya wako, lehemu kwa risasi, kisha uufunike vizuri. Mpira wa kusinyaa hauwezi kupita kwenye waya ambao haujakatwa, kwa hiyo hapo tumia utepe mzuri wa kitambaa kwa tabaka mbili. Vile vibano vya plastiki vinavyouma waya bila kulehemu vinaokoa dakika chache, lakini kwa mkondo mdogo kama huu hulegea na kuleta hitilafu isiyotabirika.

Kujaribu

Kabla ya kurudisha makava, rudisha waya wa betri na urudie vipimo vya mwanzo, safari hii ukibonyeza vibao badala ya leva. Kila kibao kiangushe waya wake peke yake. Tazama pia taa ya eabegi kwenye dashibodi: iwake na kuzima kama kawaida. Isipozima, usiliendeshe gari kabla ya kujua sababu.

Washa injini, kanyaga breki, weka M. Baadhi ya magari yatakubali kupanda hadi gia ya 2 yakiwa yamesimama, mengine yatakataa, na yote mawili ni sawa. Jaribio la kweli lifanyike kwenye barabara tupu, kwa mwendo wa kilomita 30 au 40 kwa saa: panda gia moja, shuka moja, kisha weka D na ubonyeze vibao. Katika magari mengi hakitatokea kitu katika D, kwa kuwa kompyuta husikiliza + na − ikiwa ndani ya M pekee. Ukishusha gia kwa mwendo mkubwa kupita kiasi, kompyuta nyingi hukataa au hulia kengele, nayo ni kinga nzuri. Kuchomoa betri huweza kufuta mazoea ya giaboksi, kwa hiyo mibadiliko ya gia inaweza kuwa mizito kidogo kwa muda.

Gia zikiruka mbili kwa bonyezo moja, swichi inagusa na kuachia. Kagua kizuizi cha chuma na uimara wa kishikio. Ikiwa njia ya M imekufa kabisa na taa ya hitilafu imewaka, kwa kawaida kibao kimoja kimekwama kikiwa kimebonyezwa. Vibao vikikataa huku leva ikifanya kazi, tatizo liko kwenye soketi yako au kwenye hasi. Na ikiwa vyote viwili vimekataa, rudi kwenye maungio yaliyo nyuma ya leva, kwani huenda waya wa asili umekatika ulipokuwa ukimenywa.

Mweleze wakala wako wa bima kwa maandishi kwamba umeongeza vibao, na uache kwenye gari karatasi yenye rangi za nyaya na mahali soketi ilipo. Baada ya msimu wa vumbi, fungua makava, safisha viungo vya vibao kwa brashi kavu, na ukaze boliti za M4, kwa sababu rafu za barabara za Kibosho na Machame hulegeza kila kitu kilichofungwa na mikono ya binadamu.